Kabla ya Kuonja, Zunguka Uzio

Mjukuu wangu anayesomea kilimo alikuja likizo na simu inayotambua mimea. Unaielekeza kwenye jani, inafikiri kidogo, kisha inakutajia jina. Tulitoka naye nyuma ya nyumba akaielekeza kwenye mmumunye wangu uliopanda ukuta wa choo. Simu ikasema kwamba huo ni mmumunye, na kwamba matunda yake huliwa yakiwa machanga. Nikamuuliza mjukuu, "Imeonja?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania, na ndiyo maana nimeketi kuwaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii, wenye simu na wasio nayo.

Nilianza kazi ya kilimo Tabora enzi za Mwingereza nikiwa msaidizi wa bwana shamba. Msaidizi alikuwa mtu wa kubeba kamba ya kupimia na kulaumiwa mvua isiponyesha. Bosi wangu alikuwa Mwingereza mrefu ambaye kaptula yake ilikuwa na mikunjo ya pasi hata tukiwa porini siku ya tano. Alikuwa mtu mwema. Aliamini kwamba mmea ukishachorwa jani lake vizuri, hautakusumbua tena. Basi akanipa daftari kubwa lenye safu zilizopigwa mistari: jina, jani, ua, na ya mwisho kabisa, "Huliwa" au "Hauliwi". Kazi yangu ikawa kuandikisha mimea yote inayotambaa yenye matunda ya jamii ya maboga, ya shambani na ya porini, kuanzia mjini hadi Tura.

Nilichora maboga, mamumunye, matikiti, madodoki na matango pori. Yote yalitoka kama kiganja cha mtu aliyevaa soksi mkononi. Bosi aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema niongeze maelezo.

Maelezo ndiyo haya, na hayajabadilika. Jani la boga linakwaruza, na ua lake ni la manjano, hufunguka asubuhi. Jani la tikiti limekatwakatwa sana, mbuzi hakuligusa, ndivyo lilivyo. Dodoki utalijua kwa mistari iliyosimama kwenye tunda. Jani la mumunye ni laini, ukilipapasa unadhani limevikwa kitambaa. Ukilifikicha linatoa harufu nzito ambayo wengine huipenda na wengine huomba maji ya kunawa. Ua lake ni jeupe na hufunguka jua likielekea kuzama. Mkiyashika hayo mtatambua aina ya mmea bila kuwa na simu.

Lakini hamtajua kama unaliwa. Kuna mumunye tamu, lile tunalopika na karanga, na kuna lile chungu ambalo likikauka tunalitoboa na kulifanya kibuyu. Jani ni moja na ua ni moja. Umbo nalo halisaidii, maana nimeona tamu lenye shingo ndefu na chungu lililoviringana kama la kupika. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mmoja anakulisha na mwingine anakulaza chini.

Hilo nilijifunza Tura. Mnajua njia ya zamani ya misafara ilipita Tura, ikaja Kigwa hadi Tabora. Wapagazi walibeba maji kwenye vibuyu, vibuyu vikapasuka kambini, mbegu zikaanguka. Misafara ilikwisha zamani, mbegu hazikuambiwa. Kila masika kwenye zile kambi huota mimea minene yenye matunda ya kupendeza, na mtu akipita anadhani amekuta shamba la mtu. Mimi nilipita nikadhani hivyo. Jani laini, ua jeupe, harufu ile ile. Nikaandika "Huliwa" kwa wino, na jioni nikampikia bosi.

Alikula vijiko viwili kwa adabu. Mimi nilikula sahani nzima, maana nilikuwa mpishi na sikutaka kukiri. Siku iliyofuata tulipima shamba moja tu, nalo lilikuwa karibu na kichaka. Daftari nililirekebisha: la porini haliliwi, la shambani huliwa.

Pamoja na hayo nilichuma pale kambini tunda moja lililokauka, lenye shingo ndefu nyembamba iliyopinda kidogo mwishoni. Sijawahi kuona shingo nzuri kama ile. Nikatunza mbegu zake. Sababu yake mtaiona, nanyi mtanicheka, ni haki yenu.

Mwalimu wangu wa kweli hakuajiriwa na mtu. Aliitwa Bibi Kalunde, mjane wa Kigwa, na tulikutana aliponikuta nimechuchumaa shambani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nachora jani, bibi."

"Lina shida gani?"

Nilimweleza habari za daftari. Akataka kuona. Hakujua kusoma, lakini alitaka kila safu aambiwe inasema nini. Tulipofika ya mwisho, akaniuliza mumunye nimeliweka wapi, kwenye kuliwa au kutoliwa.

"Kwenye kuliwa, bibi."

"La shina lipi?"

Safu ya shina haikuwepo. Basi akachuma tunda changa, akakata kipande chembamba upande wa kikonyo, akanipa. "Gusisha ncha ya ulimi. Usimeze. Ngoja." Nikangoja. "Uchungu?" Hapana. "Basi shina hili lote ni tamu, ule tu. Ukisikia uchungu hata kidogo, tema, ng'oa shina, usihangaike kuchemsha. Ule uchungu haujui chumvi wala moto." Vijana, nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, baadhi zikiwa na chakula cha mchana. Hakuna iliyonipa zaidi ya hayo.

Mumunye la Bibi Kalunde lilijulikana Kigwa nzima. Lilikuwa nene, la kijani kibichi lenye madoa meupe, nalo lilizaa mapema kabla mahindi hayajafikiria kutoa mbelewele. Alilipata kwa mama yake. Aliligawa kwa desturi moja: aliyekupa mbegu huja kwako zikizaa, na yeye ndiye wa kwanza kuonja, mbichi, mbele ya watu wa nyumbani. Asipoonja yeye, hampiki.

Mvua zikaja kukatika. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama goti, na ofisi ikaanza kutafuta mmea wa kuzaa haraka ili watu wagawiwe mbegu masika yatakayofuata. Nikamtaja Bibi Kalunde. Akanipa mbegu zake karibu zote, akabakiza chache ambazo panya walizimaliza baadaye. Kwa hiyo ukoo mzima wa lile mumunye ukahamia kwenye kitalu cha ofisi mjini, mikononi mwangu. Aliponikabidhi alisema neno moja: "Zikizaa uniite nije nionje."

"Nitakuita, bibi."

Sikumwita. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimevaa kaki ya serikali. Kumleta bibi kizee kwa treni aje kugusisha ulimi kwenye mali ya ofisi, mbele ya makarani, niliona aibu. Na kuonja nilijua, alishanifundisha. Kitalu kilizaa vizuri kwa maji ya kisima. Nilionja kila shina, yote tamu. Nikaacha matunda yakauke, nikatoa mbegu, bosi akafurahi, na barua ya kuniajiri kazi ya kudumu ikaanza kuzungumzwa.

Kwenye uzio wa kitalu, kwa kuwa uzio ulikuwa mtupu na mimi nilikuwa na mbegu za Tura mfukoni, nilipandisha vile vibuyu vya shingo ndefu. Nilikuwa nachumbia kijiji cha Isikizya. Wakwe huko ni Wakristo wa Moraviani, na mzee hakugusa pombe, hivyo nilitaka kumpelekea kibuyu cha maji ambacho hata mnywaji angekionea wivu. Vilipendeza sana. Makarani walisimama kuvitazama.

Masika yalipoanza tuligawa mbegu Kigwa. Watu walizipokea kwa heshima kwa sababu niliwaambia ni zile za Bibi Kalunde. Yeye mwenyewe nilimrudishia fungu. Akauliza mbona hakuitwa kuonja. Nikasema kazi zilikuwa nyingi. Akanitazama kidogo, akapokea.

Matunda ya kwanza yalipofaa kupikwa, mama mmoja aitwaye Mama Nyamizi alipika kwa karanga. Mwaka wa njaa mtu haonji, anapika. Watoto walisema ni chungu, akawaambia wale. Walitapika na kuharisha siku mbili, yeye na wanawe wote. Walipona, namshukuru Mungu. Kisha nyumba ya pili, kisha ya nne. Cha ajabu ni kwamba nyumba nyingine zilikula matunda ya mbegu zile zile na kushiba vizuri kabisa.

Habari ikafika ofisini. Bosi akaniuliza sababu. Nikasema labda ni udongo. Akaandika "udongo". Mimi nilijua udongo wa Kigwa haukuwa na kosa lolote, lakini barua yangu ilikuwa mezani haijatiwa sahihi, nami nikauacha udongo ujitetee wenyewe.

Nilipanda treni kwenda kutazama. Kitu cha kwanza nilichokiona Kigwa kilikuwa njia ya kwenda kwa Bibi Kalunde. Ilikuwa njia nyeupe, imekanyagwa na watu wa kijiji kizima. Sasa ilikuwa na majani katikati.

Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua kunde. Akaitika salamu yangu, akanisogezea kigoda. Alikuwa amekonda.

"Mjukuu wangu," akasema, "leo siku ya tisa hakuna aliyekuja kuomba moto."

Ninyi mna viberiti, acha niwaeleze. Nyumba ya Bibi Kalunde moto haukuzimika, na kila asubuhi majirani walikuja na kigae kuchukua makaa, wakasimama, wakasalimiana, wakasema ya jana. Kuacha kuomba moto kwa mtu ni kumwambia jambo ambalo hakuna aliye tayari kulitamka. Mbegu zilijulikana ni zake. Nyumba hii wanaugua, ile hawaugui. Kizee anaishi peke yake. Watu walikwisha kujumlisha wenyewe. Na mnajua vizee wa kwetu waliojumlishiwa hivyo waliishia wapi. Wengine walihama na godoro kichwani, na hao ndio waliobahatika.

Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo tangu nizaliwe, na hofu yangu haikuhusu barua.

"Bibi, nilionja kila shina. Naapa yalikuwa matamu."

"Najua. Mama yao alikuwa mtamu. Uzio wako ulikuwa na nini?"

Nikachukua kunde nami nikaanza kuchambua.

"Nakuuliza uzio, mjukuu wangu. Kitalu kilipakana na nini?"

Nikamwambia. Nilitaja vibuyu, na sijui kwa nini nikataja na shingo zake ndefu. Bibi Kalunde akaendelea kuchambua kunde.

"Lile tunda unalokula ni la mama," akasema. "Mbegu iliyo ndani ina baba pia. Wadudu wa jioni hawajui uzio. Wametoa unga wa ua la kibuyu chako, wakauleta kwenye ua la mumunye langu. Tunda likabaki tamu, mtoto akatoka mchungu. Ulidhani nakuja kuonja tu? Ulimi unao hata wewe. Mimi nakuja kuzunguka uzio."

Miezi yote ile nilidhani desturi yake ni ya ulimi, kumbe ilikuwa ya miguu na macho. Mwenye mbegu huja, huomba aonyeshwe shamba, huzunguka, hutazama jirani amepanda nini. Kuonja ni adabu ya kumalizia. Angeingia kitaluni mara moja tu, angevikata vibuyu vyangu kabla matunda ya mbegu hayajatunga, na Mama Nyamizi asingeugua.

Jioni ile nilimwomba mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, Mzee Mihayo, aite watu. Walikuja wengi, maana njaa huwaacha watu bila shughuli. Bibi Kalunde alikaa pembeni, na nafasi kati yake na wa karibu ilitosha kulaza ng'ombe. Nikasimama na kaki yangu.

"Mbegu za bibi zilikuwa tamu," nikasema. "Uchungu niliuweka mimi." Nikaeleza uzio, vibuyu, wadudu, unga wa ua. Nikaeleza kuwa niliahidi kumwita aonje na sikumwita, na kwamba nilimwambia mzungu ni udongo, nao ulikuwa uongo.

Mzee Mihayo akakuna kidevu. "Kwa hiyo serikali ndiyo iliyotulisha uchungu?"

"Si serikali, mzee. Ni mimi."

"Hiyo kaptula ni yako?"

"Ya serikali, mzee."

"Endelea."

Kijana mmoja akauliza vibuyu vyenyewe vilikuwa vya nini. Ikabidi niseme ni vya baba mkwe. Watu waliniangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi aliyekula shuka. Mama Nyamizi, ambaye alikuwa bado mdhaifu, akasimama. "Na sisi tufanye nini sasa? Shina langu limejaa matunda. Niling'oe nile nini?"

Aliyejibu ni Bibi Kalunde, kutoka pale alipokaa peke yake. Alisema kila shina lionjwe na aliyetoa mbegu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Machungu yote yang'olewe siku hiyo hiyo. Wenye mashina matamu wawagawie waliong'olewa, tunda kwa tunda, hadi mtama uive. Na matunda ya mbegu yawe yale yatakayotunga baada ya machungu kwisha, yaliyotangulia yaliwe tu. Mwanangwa akasema imepita.

Basi niliionja Kigwa nzima. Mashina yote, nyumba kwa nyumba, mbichi, mbele ya watu, na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuhakikisha kwamba sitemi mapema. Kufikia siku ya tatu ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa kiatu, na tumbo langu, pamoja na kwamba sikumeza kitu, lilikuwa na maoni yake. Tuling'oa zaidi ya nusu. Kwa Bibi Kalunde mwenyewe lilibaki shina moja. Tangu hapo hakuna mtu wa Kigwa aliyewahi kuniita kwa jina langu. Niliitwa Bwana Ulimi, na hata barua za ofisi mara mbili zilinifikia kwa jina hilo.

Mzungu nilimweleza ukweli. Akafuta "udongo" kwa rula, akaandika jina langu mahali pake. Barua ya kudumu ilikaa mezani mwaka mzima zaidi. Baba mkwe hakupata kibuyu, alipata sufuria, akasema ndiyo aliyokuwa anaitaka. Kibuyu kizuri kuliko vyote nilimpelekea Bibi Kalunde akivunje mwenyewe. Hakukivunja. Alikitoboa, akakisafisha, akakitundika juu ya moto, na ndani yake akahifadhi mbegu tamu miaka yote iliyobaki ya uhai wake. Nilipomuuliza sababu alisema panya hawapendi uchungu. Alipofariki ndugu zake waliniletea kibuyu na mbegu zikiwamo.

Mbegu za mmumunye ulio ukutani kwangu zimetoka humo. Kuna baadhi yenu niliwagawia mwaka jana, mjukuu wangu akiwa wa kwanza, naye amezipanda shamba la chuo. Matunda yakikaribia nitapanda basi nije. Msinionyeshe simu. Nionyesheni uzio.

Jambo moja nimeliruka, sikujua niliweke wapi. Ni la asubuhi ya kwanza baada ya mkutano, kabla sijaonja shina hata moja. Nililala kwa mwanangwa, nikaamka mapema kwenda kwa Bibi Kalunde tuanze kazi. Nilipita nyuma ya nyumba ya Mama Nyamizi. Jikoni kwake moto ulikuwa unawaka, chungu kikiwa juu, moshi nimeuona kwa macho yangu. Nilipofika kwa Bibi Kalunde nikamkuta Mama Nyamizi amesimama mlangoni, amejifunga khanga kiunoni, mkononi ana kigae kitupu.

"Mwangaluka, bibi," akamwamkia. "Moto wangu umezimika. Naomba makaa."